Kilichong'aa Kwenye Nyasi

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, funga mlango kwanza. Usisome kwa sauti. Usimwonyeshe mkeo, wala mumeo, wala yule rafiki yako unayemwamini, maana naye ana rafiki anayemwamini. Mimi nina Shangazi. Nina kazi ambayo bado haijawa yangu. Nikifukuzwa kwa sababu ya mdomo wako sitakusamehe, ingawa sitathubutu kukuambia.

Ni karani wa mizigo katika uwanja mdogo wa ndege. Njia moja ya kurukia, ukumbi mmoja, mizani moja inayodanganya. Niko kwenye majaribio. Ijumaa Meneja atatia saini nithibitishwe kazini, au atanirudisha nyumbani. Kazi hii ni jasho la Shangazi. Alimuuguza mama yake Meneja mpaka akasimama, kisha akaomba jambo moja tu. Jambo lenyewe ni mimi.

Sasa siri. Napiga picha ndege. Si zile mbili za kila siku zinazoleta magazeti na vifaranga. Hizo nazijua kwa vikohozi vyao. Nazitaka za ajabu, zile zinazopita mara moja na hazirudi. Lakini mfanyakazi haruhusiwi kupiga picha ndani ya uzio. Tangazo liko ukutani juu ya meza yangu. Nililibandika mwenyewe! Basi hupigia nje, nikishatoka kazini, na kufikia hapo ndege inakuwa inaondoka. Nabaki na mikia. Katika kundi letu la simu la wapenda ndege naitwa Mkia.

Jina hilo alinipa Kinyozi. Duka lake linatazamana na uzio, lina paa la kupandia, na lenzi yake ni ndefu kama bomba la jiko. Mwaka jana alipata ndege ya kuzima moto ikimwaga maji. Tangu siku hiyo hanyoi mtu bila kumwonyesha. Leo ameuliza kundini, mbele ya wote, Mkia ametuletea mkia gani wiki hii. Wakacheka. Hata yule ambaye hajawahi kuandika neno aliweka kichekesho.

Wacheke! Mchana taarifa imepita mezani kwangu. Ijumaa asubuhi itatua, kwa ajili ya mafuta tu, ndege ya kunyunyizia nzige dawa. Ya zamani. Mabawa ya ghorofa, mawili juu, mawili chini, yamefungwa kwa waya! Pangaboi moja puani! Hakuna kundini aliyewahi kuipata. Nimeapa itakuwa yangu. (Kimoyomoyo. Shangazi alikuwa chumba cha pili.)

Jumanne, 4 Machi

Njia ya haki kwanza. Mtu aliyesoma haogopi kuomba ruhusa. Nimefanya mazoezi ya ombi langu chooni, tangu salamu hadi shukrani. Fundi bomba aliyekuwa anaziba mfereji nyuma ya ukuta akasema ombi ni zuri, ila nipunguze heshima na taadhima, zinachosha.

Nikaingia kwa Meneja. Akauliza nataka nini, bila kuinua macho.

Nikasema nataka gundi.

Akauliza gundi ya nini. Nikasema ya kubandikia. Akafungua mtoto wa meza, akanipa chupa mbili, akasema anapenda kijana anayejali ofisi.

Sijashindwa. Nimepata gundi.

Wakati wa chakula Shangazi akauliza mbona natazama dari. Nikasema nawaza ndege. Akauliza zipi, za manyoya au za mafuta, maana za manyoya angalau huliwa. Kisha akaweka kijiko chini. Akasema, "Baba, nimemwinamia yule mtu kwa ajili yako. Mpaka Ijumaa waza ardhini. Ukithibitishwa, ruka utakako."

Nikasema ndiyo, Shangazi. Moyoni nikasema hapana. Kwa nguvu!

Jumatano, 5 Machi

Hila. Ikiwa siwezi kujisogeza mbele, nitamsogeza Kinyozi pembeni.

Elimu kidogo kwa msomaji: ndege hutua ikiukabili upepo. Uwanja wetu una pande mbili, upande wa shule na upande wa tanuri la matofali. Asubuhi upepo hutoka tanuri, kwa hiyo ndege huja kutokea shule. Siku zote. Basi nimwambie Kinyozi itatokea tanuri. Ahame na bomba lake la jiko akale moshi, huku mimi niko shule, mbele ya mabawa yote manne.

Nimeenda dukani kama mteja. Mashine ilikuwa juu ya paji langu la uso nilipoitupa habari, kama mtu anayezungumzia mvua. Akaizuia mashine. Akauliza nina hakika, na upepo wa asubuhi je? Nikasema rubani wake ni mzee, ana mazoea yake.

Hapo akanishika kidevu, akanigeuza, akanitazama machoni kupitia kioo. Nikashtuka. Mashine ikaenda moja kwa moja, tangu paji mpaka kisogoni.

Wateja kwenye benchi wakasimama kutazama. Njia ya kurukia ndege, katikati ya kichwa, imenyooka kuliko ya uwanjani. Kinyozi akasema, "Mdogo wangu, imebaki kuweka taa tu." Mzee mmoja akauliza kama imefunguliwa kwa ndege za usiku.

Dawa ilikuwa moja. Nimenyolewa kipara.

Lakini ameuamini uongo! Nywele huota. Ndege ile hairudi. Nani kashinda?

Alhamisi, 6 Machi

Mlinzi wa lango ameomba nigeuke upande wa pili ili afungue kizuizi bila kufumba macho. Nilimkazia macho alipokwisha kunipa mgongo.

Kipara kinawasha. Shangazi amenipaka mafuta ya mgando, safu juu ya safu, akisema kesho ni kesho, sitaenda kwa Meneja nimepauka kama kiazi. Akasugua mpaka taa ya dari ikawa inaonekana mara mbili, moja juu na moja kwangu. Akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Akasema sasa nang'aa kama mtu mwenye ajira.

Nilitamani kumwambia. Nikaona anatabasamu, nikaacha.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifikiria kila kitu. Yaani kila kitu!

Nilimwambia Mlinzi naenda kuokota mifuko ya plastiki iliyopeperushwa. Akanisifu kwa bidii. Nilivua fulana yangu ya kung'aa, isije ikanisaliti. Saa nikaigeuzia ndani ya mkono. Kamera, iliyokuwa ya marehemu mjomba, nikaivisha soksi ya kahawia. Viatu nikavipaka tope. Kofia sikuvaa, maana ukingo wa kofia huziba tundu la kamera, na hilo kila mpiga picha analijua. Nikalala kifudifudi kwenye nyasi za upande wa shule, kama nyoka aliyemaliza sekondari. Jua nyuma yangu. Moshi wa tanuri unanijia kisogoni. Sawasawa kabisa.

Ikaja. Ee Mungu, ikaja! Ya manjano, inanguruma kama cherehani mia, inashuka polepole kama bibi harusi kwenye ngazi. Mabawa manne! Waya zote! Nikainua kichwa. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

Ghafla ikapiga kelele, ikainua pua, ikapita juu yangu nyasi zote zikalala, ikaenda zake angani. Sikuelewa. Nikajiambia rubani ni mzee, ana mazoea yake.

Ikazunguka mji mzima. Upepo ulikuwa mwepesi, haukuizuia kutua kinyume. Ikatua kutokea upande wa tanuri. Juu ya Kinyozi. Uongo wangu ulitimia neno kwa neno.

Nilibaki nimelala pale mpaka ikasimama. Haukuwa woga. Ilikuwa tahadhari, ambayo miguu ilikataa kuiacha.

Niliporudi ofisini mwongozaji ndege alikuwa ameshuka mnarani, anahema. Rubani ameripoti kitu cha mviringo kwenye nyasi za upande wa shule, kinamulika kama kioo. Kilimpiga machoni, akaona heri ainue ndege azunguke. Meneja akageuka rangi. Akasema kiwe kitu au mtu, kilichong'aa kitajulikana, na kama ni mtu basi leo hii anafungasha virago. Kalamu ya kunithibitisha ilikuwa tayari mkononi mwake. Akaifunika. Hakuna saini ya mtu yeyote mpaka kijulikane.

Nilijifuta kichwa kwa mkono wa shati. Mkono wa shati ukaanza kung'aa.

Picha zangu? Kamera ilichagua jani. Jani moja la nyasi lililokuwa mbele ya pua yangu. Limetoka vizuri mno, mishipa yake yote unaiona. Nyuma yake kuna ukungu wa manjano. Ukungu huo ni ndege.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi ametuma picha kundini. Nimeitazama nikiwa nimejifunika shuka. Ndege imejaa fremu, mabawa yote manne, waya unaziona moja moja, hata miwani ya rubani aliyegeuka kuchungulia, na nyuma yake uwanja wote umenyooka mpaka shule. Ni nzuri. Nachukia, lakini ni nzuri.

Chini ameandika: Shukrani kwa Mkia, aliyenielekeza pa kusimama.

Kundi zima linanipongeza. Sijawahi kupongezwa maishani kama nilivyopongezwa kwa kushindwa.

Shangazi ameuliza habari ya saini. Nikasema kalamu ya Meneja imeishiwa wino. Akaingia chumbani, akatoka na kalamu mpya, akaniwekea mfukoni. Akasema Jumatatu nikirudi bila saini atakwenda mwenyewe, na hatakwenda na kalamu.

Shangazi husema pia kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa. Lakini hakuna aliyesema asitoke!

Jumatatu, 10 Machi

Meneja ameipenda ile picha, anataka itundikwe kwenye ukumbi wa abiria. Kinyozi ameileta imekuzwa, imebanwa kwapani kama mkeka. Ikatandazwa juu ya mizani. Ofisi nzima tukainama.

Kidole cha Meneja kikatembea juu ya picha. Kikapita mabawa. Kikapita njia ya kurukia. Kikafika mwisho kabisa, kwenye nyasi za upande wa shule, kikasimama juu ya nukta nyeupe ya mviringo, inang'aa.

Akasema, "Hiki hapa. Hiki ndicho. Nini hiki?"

Mwongozaji akasema kioo. Mlinzi akasema sufuria. Kinyozi aliitazama nukta. Akanitazama kichwani. Akaitazama tena nukta, taratibu, kama mtu anayekutana na mwandiko wake mwenyewe. Akilini nikamwona tayari Shangazi akija bila kalamu.

Kinyozi akakohoa. Akasema ni jiwe. Jiwe jeupe, analiona kila asubuhi akiwa juu ya paa lake. Liko pale tangu zamani.

Meneja akaguna. Akanigeukia. Akasema Alhamisi ndege ile inarudi kutoka kwenye nzige na itatua hapa tena. Nichukue toroli, niende upande wa shule, nilete jiwe hilo mezani kwake. Nikilileta, saa hiyohiyo anatia saini.

Kwa hiyo kazi yangu inategemea jiwe ambalo liko juu ya shingo yangu.

Nilimfuata Kinyozi mpaka langoni kumshukuru. Akacheka. Akasema, "Mdogo wangu, kipara hicho nimekinyoa mimi, nisikijue?" Akaongeza kwamba nikifukuzwa hatapata mtu wa kumletea habari za ndege. Akavua kofia yake, akanivisha, akaibonyeza mpaka masikioni. Akasema nisiivue mpaka nywele ziote.

Nimekaa nimewaza. Karibu na lango kuna rundo la mawe meupe ya kupangia maua. Lolote lingetosha. Dakika moja, saini, Shangazi analala usingizi.

Lakini nikilipata leo, Alhamisi nitakuwa na shughuli gani kwenye nyasi? Sasa hivi nina toroli, nina amri ya Meneja, nina haki ya kulala kifudifudi upande wa shule mbele ya watu wote! Nafasi kama hii haiombwi chooni. Jioni nimemwambia Meneja kwamba jiwe lile huonekana asubuhi tu, na hasa asubuhi ya Alhamisi. Nimemwambia Shangazi kwamba Meneja anasafisha kalamu. Na Kinyozi, mtu mwema yule, nimemwambia Alhamisi ndege itatokea tanuri tena. Safari hii haitatokea. Nimepima upepo kwa kidole.

Kofia ni nzuri, tena ina joto. Lakini ukingo wake unaziba tundu la kamera. Alhamisi nitaiacha nyumbani. Shangazi amenunua kopo jipya la mafuta.

Sasa wewe msomaji, umebeba siri yangu, beba na maagizo. Ukisikia habari ya ndege yoyote ya ajabu, usipige simu, Shangazi hupokea. Njoo ofisi ya mizigo, dirisha la mwisho, lenye mizani. Usiniite Mkia. Uliza kama kuna gundi. Nikikupa chupa moja, Meneja yupo, shukuru uondoke. Nikikupa mbili, sogea karibu useme. Na ukikuta dirisha limefungwa, nenda upande wa shule, simama nje ya uzio, jua likiwa nyuma yako. Utaniona.