Miche ya Mahari

Jumatatu, 4 Novemba. Mjini Baraka.

Miche yangu ya michikichi imeanza kuwa manjano. Si yote. Safu ya nyuma, na kidogo ya katikati. Sina wasiwasi. Papa Placide wa Lubondja amekubali kuipokea kama sehemu ya mahari ya binti yake Arlette, maana michikichi yake kule mlimani imezeeka na mawese yamepungua. Anakuja Jumamosi kuikagua. Akiridhika, arusi ni Desemba. Nampenda Arlette mpaka nasahau kula, kwa hiyo miche lazima ipone.

Nimeamua ni kiu. Nimemwagilia asubuhi, mchana na jioni.

Jumanne, 5 Novemba.

Nimemwagilia tena. Sasa hata safu ya katikati imenyauka. Miche ya ajabu, inakunywa na kukauka wakati uleule. Jirani yangu Ramazani, ambaye naye ana kitalu upande wa pili wa ua, alichungulia akasema pole. Sikuipenda ile pole. Miche yake ni ya kijani kupita kiasi. Mtu mwenye adabu haweki kijani kama kile mbele ya wagonjwa.

Jumatano, 6 Novemba.

Arlette yuko kwa shangazi yake hapa Baraka, akapita kunisalimia. Aling'oa mche bila kuomba ruhusa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka. Akaivuta kidogo, ngozi ikabanduka, ukabaki uzi. Akasema ni ugonjwa wa kuvu, unatoka kwenye udongo na kula mizizi, na maji yangu yote yameunenepesha. Akauliza udongo niliutoa wapi.

Nikamweleza kwa fahari. Chini ya kile kisiki cha mchikichi uliooza, pale bamama wanapochuma uyoga baada ya mvua. Udongo mweusi, laini, karibu na nyumba. Ramazani anapanda mlima kutafuta udongo wake, kisha anauanika juani, kazi ya bure kabisa. Pale uyoga unapostawi, mchikichi utashindwaje?

Arlette alijifuta vidole. "Wilfried, kile kitu kiliuaka ule muti iko ndani ya udongo," alisema. Akaniagiza nichome miche yote, nimwambie baba yake ukweli, nianze upya. Ukweli una wakati wake, na sioni kama Jumamosi ni siku nzuri.

Alhamisi, 7 Novemba.

Nimepata mpango. Nimemwomba Ramazani aniazime miche yake kwa siku moja tu, mzee aione, arudi kwao na furaha. Ramazani alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akatoa sharti: kesho nisimame sokoni, mbele ya bamama wanaouza mawese, nitangaze kwamba miche ya Ramazani inashinda yote ya Baraka. Nilimwambia bora nife. Baadaye nikarudi kumwambia nimekubali.

Ijumaa, 8 Novemba.

Nimetangaza. Mara ya kwanza kwa sauti ndogo, Ramazani akanirudisha niseme tena. Bamama wamefurahi sana, sijui kwa nini. Jioni tulihamisha miche yake kwa toroli na kuipanga mbele. Yangu nimeisukuma nyuma, chini ya makuti. Kitalu changu kimependeza. Nilikitazama mpaka karibu niamini mwenyewe.

Jumamosi, 9 Novemba.

Papa Placide alishuka pikipiki sokoni kununua samaki. Huko akasikia kwamba miche bora ya Baraka ni ya Ramazani, na aliyesema hivyo ni mkwe wake mtarajiwa. Jambo hilo likamsumbua. Akaenda kwanza kwa Ramazani kulinganisha. Akakuta uwanja mtupu na alama za sashe, vile vifuko vya miche, ardhini.

Ramazani ni mtu wa swala tano, uongo haumtoki vizuri. Alisema miche imekwenda kwa jirani kusalimia.

Mzee aliingia kwangu polepole. Alizipita safu za mbele bila kuzitazama, akafunua makuti, akang'oa mche mmoja wangu, akaunusa, akaniwekea mkononi. "Mukwe, hii iko mahari ya mutoto yangu?" aliuliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nilijibu kwamba mwaka huu jua limekuwa kali, na mvua ikaanza kunyesha nikiwa katikati ya sentensi.

Jumapili, 10 Novemba.

Arusi ya Desemba haipo. Nimelia kidogo, nyuma ya nyumba. Mzee ameamua hataki tena mchikichi kutoka mkononi mwangu. Lakini kwa kuwa Arlette alinitetea, amenipa nafasi ya mwisho: nimpelekee vijiti vya muhogo vya kupanda shamba la Arlette. Vikishika vizuri, tutaongea arusi. Vikifa, Arlette yuko huru. Arlette mwenyewe amesema ananipenda bado, ila nisimzoeshe aibu za namna hii.

Jumanne, 12 Novemba. Swima.

Bahati imenigeukia. Nimekuja hapa kutafuta vijiti, nikamkuta baba mmoja aking'oa shamba zima la muhogo na kulirundika ili alichome. Nikamsihi asimame. Vijiti vinene, vingi, na ananipa vyote bure, hata kunisaidia kufunga. Majani yamejikunja na yana mabaka ya manjano, rangi nzuri sana, nadhani ni mbegu ya kisasa. Alijaribu kunieleza jambo fulani lakini nilikuwa na haraka. Kesho asubuhi napeleka mzigo Lubondja, na nitampa Arlette vyote, asibakize hata kijiti kimoja.