Mkono wa Kuazima

Castory wa Kasingirima hakuwa na rekodi ya kuumwa, hata mafua yalimpita mbali. Lakini siku aliyosikia kwamba watu wanaotetemeka mikono wanagawiwa simu mpya, aliugua papo hapo, akiwa bado ana kitumbua mdomoni.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mafundi fulani walikuwa wanajaribu bangili ya kuvaa nyumbani, ya kupima mtetemo wa wagonjwa wa Parkinson kutwa kucha. Vipimo vinaingia kwenye simu, na daktari anavisoma huko aliko. Bangili zilikuwa kumi tu. Atakayevaa siku thelathini, bangili na simu vinakuwa vyake.

Castory hakusikia bangili wala ugonjwa. Alisikia simu. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshamwahidi simu hiyo Hamdani, muuza viatu wa Ujiji, na akatoka dukani na raba nyeupe pee miguuni.

"Siku thelathini, bosi wangu."

"Zikipita bila simu," Hamdani akasema, "nakuvua mwenyewe, hata kama uko msibani."

Tusimcheke Hamdani. Castory huyu huyu aliwahi kumuuzia mtu wa Kalinzi kahawa aliyoichuma yule mtu kwa mikono yake.

Kujifunza ugonjwa kulimchukua jioni moja. Alikwenda ufukweni Ujiji kumtazama Yunisi, mjane anayeanika dagaa, ambaye ugonjwa huo anao kweli. Aliona vidole vyake vikizungukana kama vinasugua punje ya mchele. Aliona miguu ikigoma kuondoka, kama imegandishwa mchangani. Akasema moyoni, hii naiweza.

Asubuhi ya kuandikishwa, Yunisi alikuwa mbele yake kwenye foleni. Bahati mbaya, asubuhi ndiyo saa yake nzuri. Kidonge alichomeza alfajiri kilikuwa kimeshika. Daktari, ambaye gari lilikuwa linamngoja nje, alimpa kikombe cha maji. Mama akakinywa bila kumwaga tone.

"Mama, wewe uko vizuri. Tuwape wenye hali mbaya."

"Daktari, njoo unione jioni! Jioni hata kitenge nashindwa kukifunga. Kila nikija hapa mnaniambia niko vizuri, nikirudi nyumbani nakufa peke yangu."

"Awamu ijayo, Mama."

Akapita Castory. Maji ya kikombe yalilowesha meza, makaratasi na tai ya daktari. Bangili ya kumi, ya mwisho, ikawa yake.

Aliyemfunga bangili ni Lyse, fundi, binti wa Kirundi aliyekulia papo hapo Kigoma. Aligeukia pembeni, kisha akarudi kuutazama mkono.

"Kaka, mbona mkono unatetemeka nikiutazama tu?"

"Una macho makali, dada yangu."

"Haya. Mimi sibishani na mtu, bangili itasema. Na usiitenge na simu zaidi ya hatua kumi, vipimo vitapotea."

Ndugu zangu, kutetemeka ni kazi! Siku ya kwanza Castory alitetemeka hadi maharage yakaruka sahanini. Siku ya pili bega liligoma. Saa nane mchana simu ikaita.

"Kaka Castory, umepona? Mkono umetulia tangu jana jioni."

"Nilikuwa nimeulalia, dada."

Hapo ndipo akili yake ikamletea wazo aliloliona tamu kuliko yote: kwa nini ajitese, wakati Ujiji kuna mtu anatetemeka bure?

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shangazi yako tangu lini?" Yunisi alikuwa amekaa kizingitini, mkono unacheza juu ya goti.

Castory akamweleza kwa maneno laini. Avae bangili siku zilizobaki, simu ikae humo ndani, na mwishoni atapata kitenge kipya.

Yunisi akaikodolea macho ile bangili. Ndiyo hiyo hiyo aliyonyimwa.

"Kitenge sitaki. Utakuja kila asubuhi kunianikia dagaa."

"Mimi? Na raba hizi?"

"Zivue."

Basi mtu ambaye hakuwahi kutoka jasho ila la pilipili akawa anaanika dagaa, anawageuza, anafukuza kunguru. Ikifika saa nne anaondoka mbio, ananuka hadi paka wanamsindikiza. Raba nyeupe zikawa na rangi ambayo haina jina. Alivumilia. Alihesabu siku.

Siku ya thelathini, saa kumi na moja jioni, walikutana kwa Yunisi, kama Lyse alivyoagiza; Castory hakuuliza kwa nini, alikuwa anaiwaza simu tu. Lyse alikuja na kompyuta yake. Hamdani naye alikuja kuchukua simu yake, akakaa anazitazama zile raba.

"Tuanze," Lyse akasema. "Asubuhi mstari umelala. Saa tisa unaanza kupanda, na jioni ni milima mitupu. Maana yake dawa inaisha mwilini mapema. Lakini siku kumi hizi za mwisho, tangu daktari aongeze kidonge cha saa nane, milima imekuwa vichuguu."

"Kweli dada, nimepata nafuu sana," Castory akajibu, huku akijiuliza kidonge kipi.

"Sasa tusikilize sauti."

"Sauti gani?"

"Kila jioni simu inamwomba mgonjwa ataje jina, kisha avute aaa. Nayo tunaipima."

Castory jioni ya kwanza alilala fofofo kwa uchovu, na tangu hapo alikuwa mtu wa asubuhi; hakuwahi kuisikia simu jioni. Lyse akabonyeza.

*"Naitwa Yunisi binti Anatoli, wa Ujiji. Bangili hii ameniazima Castory, ambaye haumwi. Aaaaaa."*

Akabonyeza nyingine.

*"Naitwa Yunisi. Leo Castory ameanika dagaa kwenye manyunyu, wameoza. Mwambieni mama yake. Aaaaaa."*

Hamdani alicheka hadi akashika ukuta, kisha akakumbuka kuwa aliyetapeliwa ni yeye.

"Zipo nyingine ishirini na sita," Lyse akasema. "Daktari amezisikiliza zote. Mama, anakuomba radhi kwa siku ile ya kikombe. Bangili na simu ni vyako."

Yunisi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, kitenge alichokifunga mwenyewe jioni ile.

"Dada Lyse," Castory akanong'ona, "ulijua tangu lini?"

"Tangu sauti ya kwanza. Nimekuwa nikija huku kila alasiri kumwona Mama, na daktari akamwongezea kidonge. Ila asubuhi nilikuacha. Mama alisema kuanika kwako kunamsaidia."

Hamdani akapiga magoti, akafungua kamba, akavua raba ya kulia, halafu ya kushoto. Alizinusa, akazishika mbali na mwili wake.

Yunisi akainuka bila miguu kugoma. Akamimina chai hadi ukingoni, akavuka chumba kizima na kikombe juu ya kisahani, hakikumwagika hata tone.

"Kunywa, mwanangu. Umefanya kazi."

Castory, peku, akapokea. Kikombe kikaanza kugongana na kisahani. Chai ikamwagikia suruali, ikamwagikia vidole vya miguu, naye akashindwa kabisa kuutuliza mkono.

Lyse akauinamia ule mkono, akautazama vizuri.

"Huo sasa ndio mtetemo wa kweli," akasema. "Pole, kaka. Bangili zimekwisha."