Ndege ya Ijumaa Imejaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka kabla wiki haijaanza. Asubuhi mkutano wa mawakala wa mizigo, kule ghalani uwanja wa ndege. Zamani tulikuwa tunagombania viti. Leo tulikuwa watatu: mimi, mzee mmoja aliyelala, na shemeji yangu aliyekuja kuaga.

Meneja wa shirika la ndege tunamwita Bwana Ratiba, maana hana neno jingine kinywani. Alisema makao makuu wamechoka kuona ndege ya mizigo ya Ijumaa ikiondoka nusu tupu. Wiki hii ikiondoka hivyo tena, inatolewa kwenye ratiba, inapelekwa mji wenye mizigo. Alisema hivyo kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Kisa ni kirefu lakini nitakifupisha, mkono unauma. Vile vifurushi vya watu wa mtandaoni, vikuku na vifuniko vya simu, vimekauka tangu nchi za wanunuzi zianze kutoza ushuru hata kwa jozi ya soksi. Leo ushuru unapanda, kesho unashuka, keshokutwa unapanda upya. Mnunuzi kakaa anasubiri. Anayesubiri hana haraka, na asiye na haraka mzigo wake unapanda meli. Mimi riziki yangu ni haraka za watu!

Shemeji, kaka yake mke wangu, ameshaliona hilo. Anahamia kwenye meli kabisa. Kafungua ofisi yenye feni. Akanishika bega mbele za watu, akasema ndege ikiondoka nisione haya, kwake kuna meza ya ziada karibu na mlango. Karibu na mlango! Mtu niliyemfundisha mimi kufunga wavu wa mizigo!

Nyumbani mke wangu kasema meza ni meza.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata!

Nafasi ndani ya ndege unaiomba mapema, unalipa siku mzigo unapopimwa. Usipoleta mzigo hawakufanyi kitu, wanakununia tu. Ndiyo maana kila wakala huomba kuliko alichonacho. Ni desturi ya kazi yetu, mimi sikuianzisha. Nimeipanua.

Nikaomba tani kadhaa za vitambaa kwa jina la mama mkwe. Viatu kwa jina la mjomba wangu, Mungu amrehemu. Vipuri kwa jina la fundi baiskeli wa mtaani, ambaye nchi za nje anazisikia redioni. Mchana kompyuta ya uwanjani ikaandika: IMEJAA. Nililitazama neno hilo mpaka karani akauliza kama naumwa.

Makao makuu nani atainuka kitini aje kuchungulia tumbo la ndege? Wanaangalia kompyuta. Wakiona imejaa watatulia. Mizigo isipotokea, nitasema wateja wameahirisha.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Ratiba kapiga simu mwenyewe. Akacheka. Miaka yote hii sikujua anacheka. Makao makuu wanauliza huku kwetu tumekula nini. Nikamjibu kwamba biashara ya dunia inageuka, mwenye macho haambiwi tazama. Sijui nilimaanisha nini, lakini kaniomba nirudie aandike.

Mchana akapiga Mama Vifaranga. Huyu anatotolesha vifaranga kwa mashine na kuwasafirisha kila Ijumaa kwenye maboksi yenye matundu. Ndiye mteja pekee ambaye hajanikimbia, kwa kuwa kifaranga hapandi meli. Angefika ana wajukuu. Kaambiwa ndege imejaa. Nikamwambia anipe muda nihangaike na wakubwa. Nikahangaika na nafsi yangu, nikapunguza viatu vya marehemu, nikampa nafasi. Akaniombea dua mimi na wanangu. Nikaitikia amina. Aibu niliiona, sikatai.

Jioni Bwana Ratiba tena. Furaha tupu. Kwa kuwa ndege imejaa na watu bado wanaulizia nafasi, makao makuu wameamua Ijumaa waje na ile kubwa, ile inayofunguka pua.

Nilikaa juu ya ndoo. Ilikuwa na maji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetembea mpaka soli imelegea. Mwenye kiwanda cha nguo kasema kila alichoshona keshakikabidhi kwa shemeji, kinangoja meli bandarini. Mwenye duka la vipuri kanikumbusha kwamba yeye huleta mizigo, hapeleki. Nikabishana naye hata hivyo, mpaka akanihurumia akanipa maji. Siku nzima nimepata boksi moja: mwalimu wa muziki anarudisha tarumbeta bovu kiwandani.

Simu inaita njia nzima. Shemeji. Kila ikionyesha jina lake naikata. Nilijua ananikumbushia ile meza.

Kumbe hakuwa na habari ya meza! Nimeyajua nilipofika nyumbani. Meli aliyoitegemea imeogopa bahari yenye vita, imezunguka njia ndefu, na bandari yetu imeiruka. Huku ushuru mpya unaanza mwisho wa mwezi, na nguo za kiwanda zote lazima ziwe zimeshafika. Ghafla watu wana haraka! Haraka niliyoiomba kwa Mungu mwaka mzima! Shemeji kakimbilia uwanjani kutafuta ndege. Kaambiwa imejaa. Kauliza imejazwa na nani. Karani kamgeuzia kompyuta, akasoma jina la mama yake mzazi.

Kampigia mama yake. Mama mkwe, ambaye hana hata cherehani, kauliza vitambaa gani, na kama ameibiwa au ametajirika. Kisha akampigia binti yake. Binti yake ni mke wangu.

Nilikuta nyumba kimya kama mahakama. Nikasema ni mkakati. Mke wangu akauliza ni mkakati gani wa kumpakia mama yake kwenye ndege.

Nikampigia Bwana Ratiba hapo hapo, nikafuta kila kitu, vitambaa, viatu, vipuri. Nikampigia shemeji kwamba nafasi ipo, tena ndege nzima! Akasema malori yameshaondoka kwenda uwanja wa mji wa jirani. Akasema alinitafuta mimi kwanza, kutwa nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Ikaja, maana nilipofuta ilikuwa imeshapangiwa safari. Sijawahi kuona ndege kubwa namna ile hapa kwetu. Ikafungua pua. Wapakiaji wamejipanga, nyavu mkononi. Wakapakia maboksi ya vifaranga na tarumbeta. Mpakiaji mmoja kasubiri, kisha akauliza kwa adabu mengine yako wapi. Vifaranga walikuwa wanalia humo ndani na sauti inarudi.

Bwana Ratiba hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alisema tu kwamba watoto wake wameshazoea shule ya hapa, sasa na yeye atahamishwa. Ndege haitarudi.

Debe tupu haliachi kuvuma. Iliponguruma na kupaa, madirisha ya ghala yalitikisika. Nilisimama nikalia, mtu mzima na kitambulisho shingoni. Kila Ijumaa tangu nimeoa nimekuwa nikiisikia ikipaa, nikajua watoto watakula.

Mama Vifaranga alikuwa pembeni. Kauliza wiki ijayo mambo yatakuwaje, maana mayai yameshaingia kwenye mashine na hayawezi kuambiwa yasubiri. Nikasema tutaona. Hakuniombea dua.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha familia. Mama mkwe kakaa kiti kikubwa. Kaniita mwanangu, kisha akaniuliza taratibu amekuwa akisafirisha nini na kwenda wapi. Nikaomba radhi. Akanisamehe. Wakati wa kuaga akanivuta kando, akauliza kama kweli vile vitambaa vingekuwa na faida.

Uamuzi: kesho naanza kwa shemeji. Ukivuliwa nguo, chutama.

Alhamisi, 20 Machi

Meza iko karibu na mlango kweli. Feni haifiki. Shemeji ananitendea wema, hajanikumbusha lolote, na hilo ndilo linalonimaliza. Mama Vifaranga anauza vifaranga hapa mjini kwa bei ya kutupa. Juzi nimekutana naye, kanisalimia vizuri tu. Afadhali angepita.

Leo shemeji kaenda bandarini, nikabaki na simu. Ikaita. Mtu wa shirika jipya. Wana kindege kidogo cha mizigo, na kwa kuwa siku hizi meli zinazunguka mbali, wanatafuta miji midogo ya kutua kila wiki. Wamepewa jina langu. Wanataka neno la ukweli tu: mji wetu una mizigo kiasi gani? Akasema hata kidogo kinawatosha. Hata vifaranga!

Alisema vifaranga, kwa kinywa chake. Nilichotakiwa kujibu ni ndiyo.

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nikajisikia nikisema kwamba mizigo imelala hadi nje ya ghala, wapakiaji wanazimia, na hicho kindege wasijisumbue nacho, walete kikubwa.

Akasema asante kwa ukweli wangu. Kikubwa hawana, na mzigo wote huo hawauwezi, basi watajaribu mji mwingine. Akakata.

Nimekaa na simu mkononi, nimechoka hadi mifupa. Lakini si wa kukata tamaa mimi. Kesho nitampigia, nibane pua, nijifanye wakala mwingine, nimwambie mizigo sasa inatosha kindege, maana ghala lote limeungua.