Jinsi Nilivyounganisha Vipimo vya Bendi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Bila mimi duka hili la ushonaji lingeshafungwa zamani. Dada hajui, kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu. Ila humu daftarini nitasema kweli tupu: mimi ndiye ubongo, Dada ndiye mikono. Mkasi ndiye miguu, na hata hiyo miguu haendi nayo popote, maana kutwa amekalia kiti cha kuzunguka.

Mkasi ni mkataji wetu wa vitambaa. Kiti kile kilinunuliwa kwa ajili ya mtu wa kompyuta. Mtu wa kompyuta ni nani? Mimi. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa mwezi wa tatu sasa.

Leo habari kubwa. Kazi ya bendi ya tarumbeta imethibitishwa! Sare kumi na mbili, koti na suruali, bluu yenye mistari ya dhahabu mikononi. Zinatakiwa Jumamosi ya wiki ijayo, bendi inapiga kwenye ufunguzi wa uwanja mpya wa michezo. Dada amesema tukiiharibu kazi hii bendi itahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Bendi ikihama, shule nazo zitahama, na sisi tutabaki kushona foronya. Alisema hivyo akinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Kitambaa kitakachobaki, nitashonewa suti. Ameahidi mbele ya mashahidi. Wiki iliyopita, baada ya kuwapima wanabendi, alinipima na mimi. Namba aliyoitaja alipofika kiunoni siiandiki humu. Tepu ile imesinyaa. Nilimwambia papo hapo. Mkasi alijizungusha na kiti mara mbili kwa kicheko, akasema tepu haisinyai, Anko, tepu si soksi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Fursa!

Dukani kuna kompyuta mbili. Ya zamani inanguruma kama mashine ya kusaga na hujizima ikijisikia. Ndani yake mna folda inaitwa VIPIMO: wateja wa miaka tisa. Ile mpya ililetwa na mpwa wangu, binti wa Dada, anayefanya kazi ya kompyuta maktaba. Nayo ina folda inaitwa VIPIMO: bendi, mimi, na wachache waliopimwa juzijuzi. Dada anataka zote ziwe folda moja kabla ya mashine ya zamani kukata roho.

Nieleze jambo moja. Dada haandiki majina ya watu. Anasema majina yanafanana, miili haifanani. Anaandika mtu kwa kazi yake. Kwa hiyo kwenye mafaili kuna MUUZA MAZIWA, kuna MWALIMU WA HESABU, na bendi nzima iko kwa vyombo: FILIMBI, MATOAZI, NGOMA KUBWA. Mimi ni ANKO.

Mpwa amepiga simu. Mtu yeyote asiguse. Atakuja Ijumaa, atanakili kwanza folda zote mbili mahali pa tatu, halafu ndipo aziunganishe, tena kwa kukagua, kwa sababu yako mafaili yenye jina moja na ndani ni tofauti. Akarudia kwamba asiguse mtu yeyote, hasa Anko. Nikasema nimesikia, simu ipo kwenye spika.

Siku tatu kungojea folda! Mimi niliwahi kuunganisha mabehewa mawili ya treni yakiwa yanatembea, kwa waya wa kuanikia nguo. Nilipokumbusha hilo, Dada alisema mara ya mwisho zilikuwa baiskeli. Mkasi akasema mara ya kwanza ilikuwa mkokoteni mmoja, na ulikuwa umesimama.

Nimepanga. Kesho Dada akienda kununua vifungo, naingia kazini. Ijumaa mpwa akifika atakuta mambo yamekwisha, na mimi nimekalia kiti.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Dakika tisa! Nilitazama saa ya ukutani.

Mkasi alikwenda kula. Dada kwenye vifungo. Nikakalia kiti. Kinanesa vizuri. Nikachomeka waya kati ya kompyuta mbili, nikaikokota folda ya zamani, nikaiangusha juu ya mpya. Kompyuta ikauliza kama nataka ziungane. Ina adabu. Nikakubali.

Ikauliza tena. Hapa tayari pana faili lenye jina hili: nibadilishe lililopo kwa hili linalokuja, niliruke, au nikuwekee yote mawili? Hapo fundi wa kawaida angetokwa jasho. Mimi niliyafungua yote mawili, nikayatazama, nikatafakari. Kwa sababu za kitaalamu ambazo si lazima kuzieleza, nikachagua kubadilisha. Chini palikuwa na kisanduku: fanya hivyo hivyo kwa yote yanayofuata. Nikatia tiki. Mtu kama mimi huulizwa mara moja tu.

Dada aliporudi nikamtangazia. Akasimama mlangoni na mfuko wa vifungo mkononi, akauliza kwa sauti ndogo nimefanya nini. Nikamwonyesha. Folda moja, mafaili mia tatu na kumi na mawili, hakuna jina lililopungua. Akafungua la MWALIMU WA HESABU, likamjia na namba zake. Akashusha pumzi. Akasema huenda watu hubadilika, akamwamuru Mkasi anipishe kiti mpaka jioni.

Mkasi amekaa kwenye ndoo! Imelia ndoo, sikuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi Mkasi alikata makoti mawili, la Ngoma Kubwa na la Filimbi. Alipomaliza la kwanza alilining'iniza juu, akauliza kama bendi imeajiri kabati. Kifua inchi hamsini na nne. Nikacheka sana.

Kisha nikaacha.

Ngoma Kubwa nilimwona akipimwa. Ni mama mwembamba. Akibeba ngoma yake, unachokiona ni kofia na viatu.

Nikafungua mafaili kimyakimya. Bendi yote ina tarehe ya miaka mitatu iliyopita. Bendi ile tuliishonea, kweli, lakini tangu hapo watu wamebadilika wote isipokuwa kiongozi. Ngoma Kubwa wa wakati ule alikuwa jitu, mlangoni aliingia kiupande. Filimbi wa wakati ule alikuwa msichana wa shule. Filimbi wa sasa ni askari magereza mstaafu mwenye mabega kama lango.

Vipimo vipya havipo. Vimekaliwa na vya zamani.

Sikutetereka. Nilitetereka kidogo. Nikamwambia Mkasi asimamishe kukata, kitambaa kikishanyooshwa kinatakiwa kupumzika siku moja. Akauliza tangu lini. Nikasema ndivyo wanavyofanya kwenye viwanda vikubwa. Akasema basi na yeye apumzike, akanyoosha miguu juu ya meza.

Nikaingia mpango wa pili. Bendi hufanya mazoezi saa kumi, ukumbi wa nyuma ya posta. Nikaenda na tepu mfukoni, kuwapima upya bila wao kujua. Nilijitambulisha kuwa mkaguzi wa usalama wa vyombo vya muziki. Tarumbeta la Pili nilimkumbatia kama ndugu tuliyepotezana vitani, nikapata kifua. Tarumbeta la Tatu vilevile, ingawa yeye alinikumbatia kweli na akataka kujua habari za nyumbani. Zumari nilipata mkono mmoja. Mwenye tuba, lile tarumbeta nene la kukumbatia, alikataa kuliweka chini, nikapima nilichofikia. Matoazi alipoona tepu inamzunguka kiunoni aliyagonga matoazi yake sikioni mwangu. Mpaka naandika haya kengele zinalia kichwani.

Ngoma Kubwa aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nina mke. Nikamwambia sikuja kwa nia hiyo. Akasema basi hiyo nia uliyokuja nayo ichukue uondoke nayo, huku akiinua kirungu cha ngoma. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikamkanyaga kiongozi wa bendi. Akanitazama usoni. Akawaambia wenzake tulieni, huyu si mkaguzi, huyu ni Anko wa dukani, anakaa kwenye ndoo.

Mavuno ya siku: vipimo vinne. Kimoja ni cha tuba lenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kiongozi wa bendi alifika dukani kabla sijanywa chai. Akamuuliza Dada, kwa heshima, ni kwa nini ndugu yake anazunguka akikumbatia wanamuziki. Dada akaniita kwa jina langu kamili. Hiyo si dalili njema.

Nikaeleza kwamba kompyuta mpya ina kasoro ya kiwandani. Mpwa wangu akaingia nikiwa katikati ya sentensi. Alitazama kioo cha kompyuta kwa muda wa kumenya ndizi. Akasema haina kasoro, Anko, kompyuta iliuliza na mtu akaijibu.

Dada hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alikaa kwenye ndoo yangu, tepu mapajani, akasema siku nane zimebaki, watu kumi na wawili waitwe tena, na kila mmoja aambiwe kwamba vipimo vyake vimepotea. Akasema miaka tisa hajawahi kumpima mtu mara mbili kwa uzembe. Kiongozi akageuza shingo, akatazama ng'ambo ya barabara. Nilimwona. Dada naye alimwona.

Mpwa aliinama karibu na ndoo. Alichukua kopo la vifungo vyeusi, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaibuka na flashi. Jumapili alinakili folda mpya yote, pamoja na bendi, akaizika koponi. Dada akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba Anko anamfahamu tangu akiwa mtoto mchanga, na yeye amemfahamu Anko tangu siku hiyo hiyo.

Kopo lile nimelikanyagia mguu wiki nzima. Lilikuwa na urefu mzuri.

Basi akaanza upya. Akaweka nakala ya folda ya zamani kando, na nakala ya mpya kando. Kisha akaziunganisha, na kompyuta kila ilipouliza akachagua yakae yote mawili. Lililoingia la pili likawekewa namba mbili ubavuni, halikumkalia mwenzake. Mwisho Dada akayapitia yale yaliyofanana majina, moja moja, akimwambia huyu wa zamani, huyu wa sasa. Saa mbili nzima! Mimi ningewamalizia kwa dakika tisa, ila hakuna aliyeniuliza.

Yakabaki yale makoti mawili yaliyokatwa vibaya. Kitambaa cha ziada ndicho cha suti yangu, nikaenda kukisimamia. Mkasi akayatazama, kichwa upande. Akasema hili la kabati tukilipunguza kidogo linamkaa Filimbi, na hili la msichana wa shule ni la Ngoma Kubwa kama lilivyo. Dada alicheka, mara ya kwanza leo. Kiongozi akaacha kutazama dirishani.

Nikawaambia ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Wote wakageukia kazi zao, nadhani kwa mshangao.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Jana bendi imepiga uwanjani. Sare zimekaa kama zimemiminwa. Ngoma Kubwa aliposhusha ngoma alionekana mzima mzima, kichwa mpaka miguu. Filimbi aliinua mikono yote miwili na hakuna kilichochanika. Kiongozi alimpa Dada mkono mbele ya watu, na walimu wakuu wawili wamekuja kuuliza bei. Jirani yangu wa jukwaani nilimfafanulia kwamba sare zote zimepita mikononi mwangu, na ule utaratibu wa kubadilishana makoti ni wangu, hata nje unafundishwa. Alihamia benchi lingine ili aone vizuri zaidi.

Dukani nimewekwa kwenye vifungo. Mpwa ametia neno la siri kwenye kompyuta. Mkasi amerudi kwenye kiti, anazunguka bila sababu. Sina kinyongo. Nimekwisha gundua kwamba Dada ana simu mbili, na zote zina wateja wale wale. Haifai kabisa. Kesho akienda kununua uzi nitaziunganisha. Dakika tisa, labda nane, maana sasa nina uzoefu.

Kuhusu suti. Juzi Mkasi aliniita, akasema folda ina ANKO na ANKO wa pili, miaka tisa kati yao, mpwa kawaacha wote na Dada hayupo. Ashone kwa yupi? Aliuliza akitazama dari, midomo ameibana. Nikamjibu bila kusita.

Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niseme jambo moja dogo. Jumatano ile, faili la kwanza kuulizwa na kompyuta lilikuwa langu. Herufi A hutangulia. Lililokuwepo lilisema kiuno arobaini na mbili. Lililokuwa linakuja lilisema thelathini na tatu. Hizo ndizo sababu za kitaalamu.

Suti imekuja asubuhi, nimeivaa tangu saa tatu. Imenikaa vizuri sana. Haya yote nimeyaandika nimesimama.