Mikarafuu Saba ya Bi Time

Leo nimeumbuka. Mbele ya kina mama wa kijiji cha Wambaa, tena nimestahili.

Mikarafuu ya Bi Time inageuka manjano. Nimetumwa kutoka Chake Chake nichume majani yakapimwe maabara, tujue miti imekosa chakula gani. Asubuhi nikachuma miti yote saba, nikayaanika uani juu ya jamvi, mafungu saba, kila fungu na kikaratasi cha nambari chini ya kijiwe. Nikajitia utaalamu: "Bi Time, hii ni sayansi. Yakichanganyika tu, kazi imeharibika!"

Akanipa mhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Nikala. (Nilikula sana.) Nikajinyoosha kidogo ukumbini.

Nikashtushwa na kishindo cha mvua! Nilipotoka nje, kina mama sita wamelowa chapachapa. Vijiji vya huku, mvua ikikuta jamvi la karafuu nje, jirani hukimbilia kuokoa, haulizi la nani. Majani yangu yote yamo ndani ya polo moja, gunia la karafuu. Vikaratasi vinaelea.

"Nani kakwambieni myaguse?" Nikapiga ukelele. Kisha nikalia, kwa sauti. (Nina miaka thelathini na moja.)

Bi Time akanikabidhi polo, maji yanamchuruzika usoni. "Yote yamo, mwanangu. Halikupotea hata moja. Tulikwita, nawe wakoroma."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikawaomba radhi mmoja mmoja, nimewashika mikono yao ya baridi.

Mvua ilipokatika, Bi Time akasema, "Haya, twende tukachume mengine." Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akipanda mkarafuu kila akizaliwa mtoto. Basi mimi nachuma, yeye anafuta majani kwa kanga yake na kunitajia. "Huu Hamadi. Huu Asha." Kwenye ule wa manjano kuliko yote akasimama, akaushika shina. "Huu Kombo. Mwenyewe hakufika siku arubaini. Nimebaki na mti."

Sote wawili tukafuta macho. (Mimi nilisingizia mvua.)

Nimerudi Chake Chake na mifuko saba ya karatasi. Nambari sikuandika, nimeandika majina. Watu wa maabara, mkikuta mfuko wa Kombo msicheke. Mumpime yeye mwanzo, mama yake anangoja.