Asilimia za Nadine

Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa tano wa gazeti, chini ya tangazo la matairi ya theluji. Mwenzetu tunayemwita Takwimu ndiye aliyeisoma kwa sauti: "Chuo cha Whitcombe mwaka huu kimepokea maombi ya mapema elfu sita na mia nne. Kwa kila mia, watachukuliwa kumi na mmoja. Majibu ni leo, saa kumi na moja jioni."

Tulikuwa meza yetu ya dirishani, kwenye duka la donati la Carmella. Wote tukamwangalia Breki. Breki akaangalia kahawa yake.

Breki jina lake ni Earl Tibbets, fundi wa mabasi ya jiji letu la Utica. Binti yake Nadine, miaka kumi na saba, alikuwa mmoja wa hao elfu sita na mia nne. Maombi ya mapema hayana mzaha. Unachagua chuo kimoja tu, unapeleka karatasi mwezi wa kumi na moja wakati wenzako bado wanakuna vichwa, na unasaini kwamba wakikuchukua unakwenda, huangalii kwingine. Mzazi naye anasaini. Breki alisaini.

"Sasa ni saa tisa na nusu," akasema Takwimu, akivuta kitambaa cha karatasi na kuchomoa kalamu. "Muda upo. Tumpigie hesabu mtoto."

Takwimu ni Lou Ferrante. Miaka thelathini alisoma mita za gesi za watu, na tangu astaafu hawezi kuona namba akaiacha ipite salama.

"Gazeti limeshasema kumi na mmoja kwa mia," nikamwambia. Mimi wananiita Posta, nimebeba barua za mji huu mpaka magoti yakakataa.

"Hiyo ni ya mtu yeyote, Posta. Nadine siyo mtu yeyote. Nadine anapiga basuni."

Basuni ni ile zumari ya mbao inayomzidi mpigaji urefu na kulia kama ng'ombe mwenye mawazo. Nadine anaipiga tangu darasa la sita, na majirani wamezoea.

"Basuni, asilimia ishirini," Takwimu akaandika. "Nilipiga simu chuoni juzi, nikajifanya fundi wa vyombo vya muziki. Wana wapiga basuni wawili tu. Mmoja anamaliza mwezi wa tano, mwingine ana pumu."

"Pumu umeijuaje?" akauliza Hakimu.

"Ndiye aliyepokea simu."

Hakimu ni Dolores Wojcik, aliyepakua chakula cha shule miaka ishirini na minane. Jina la Hakimu alilipata baada ya kuitwa mahakamani kukaa na wazee wa baraza siku kumi na moja, kesi ya mashine ya kuzoa theluji iliyoibiwa. Tangu hapo hakuna jambo linapita mezani bila yeye kulitolea hukumu.

"Ishirini imekubaliwa," akasema. "Endelea."

"Utica, kumi na tano. Vyuo vile vinapenda watoto wa mahali ambapo hakuna anayetoka. Hesabu zake darasani, ishirini na tano. Ukiweka na kumi na moja ya gazeti, tuna sabini na moja."

"Na adabu, bwana," akasema Hakimu. "Miaka yote niliyompakulia, hajawahi kuniambia viazi vimepoa. Na vilikuwa vimepoa, mimi mwenyewe nilijua. Thelathini."

"Mia na moja."

"Nilipoteguka mguu," nikasema, "alimtembeza mbwa wangu wiki sita, asubuhi na jioni, kwenye barafu."

Takwimu akafikiri, akatia kalamu mdomoni. "Mbwa nampa thelathini na tisa. Jumla mia na arobaini."

"Mia na arobaini kwa mia?" Hakimu akavua miwani. "Hiyo maana yake nini, Lou?"

"Maana yake Nadine anaingia kwa mia yake, na hiyo arobaini inayobaki ni ya mtu wa kumsindikiza. Breki, unaweza kwenda ukasoma kidogo kidogo."

Tukacheka. Breki hakucheka.

"Punguza," akasema.

"Nipunguze nini?"

"Amefeli mtihani wa kuendesha gari mara mbili."

"Kumi."

"Mara ya pili aligonga gari la mtahini. Lilikuwa limeegeshwa."

"Basi zote mbili thelathini. Mia na kumi."

"Anaacha taulo sakafuni."

"Kwani fomu yao inauliza habari za taulo?"

"Wangekuwa na akili ingeuliza. Halafu kuna siku ya mahojiano. Walimtuma mzee mmoja aliyesoma pale zamani, wakakutana maktaba. Mzee akamwambia, haya, una swali? Nadine akamwuliza, wewe ungeomba leo, wangekuchukua?"

Hakimu akaweka kikombe chini. "Akajibu nini?"

"Alisema hapana. Halafu akachukua koti lake akaondoka."

Hapo wakabishana dakika kumi kama hiyo ni nyongeza au punguzo. Takwimu alisema mtoto ameonyesha akili. Hakimu alisema amemtia mzee wa watu majonzi, na mzee mwenye majonzi haandiki ripoti nzuri. Ikakatwa hamsini. Ikabaki sitini.

"Sitini siyo mbaya," akasema Takwimu. "Na barua yangu itaipandisha."

"Barua gani?" akauliza Breki.

Takwimu akafuta sukari ndevuni. "Niliwaandikia. Kumsifia mtoto kidogo. Kurasa nne, na grafu."

"Lou, na mimi niliandika," akasema Hakimu, macho chini. "Ile ya viazi."

Nikaona kunyamaza ni unafiki. "Mimi nilipeleka mbili. Moja ni ya mbwa."

"Umemwandika mbwa?"

"Hapana. Mbwa ndiye anayezungumza."

Carmella naye akapaza sauti kutoka nyuma ya kaunta kwamba ya kwake ilikwenda na boksi la biskuti za nusu mwezi, zile nusu nyeusi nusu nyeupe, na kwamba boksi halijarudi, kwa hiyo lilipokewa.

Breki akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakimu ndiye aliyemaliza kazi: "Tatizo ni kwamba mke wa mpwa wangu aliwahi kufanya kazi ofisi za namna hiyo. Anasema wao wana msemo wao, faili likiwa nene ujue mtoto ni mzito wa akili."

"Ungesema mapema," akasema Takwimu, kalamu ikienda mbio. "Barua tano, ishirini kila moja, mia. Sitini toa mia. Kasoro arobaini."

"Na kasoro arobaini maana yake nini?"

"Maana yake hawamchukui, na kuna mtu aliyekwisha kumaliza pale anaitwa arudishe cheti."

Breki akapiga meza kwa kiganja. Vikombe vikaruka.

"Kasoro ni wewe, Lou. Mtoto huyu aliwasha jenereta ya nyumba nzima kwa video aliyoitazama mara moja. Anasoma vitabu ambavyo mimi hata jina la juu silielewi. Kasoro arobaini? Nani mwenye kasoro?"

Hakimu akamgeukia, akamwita kwa jina lake, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Earl. Tukiongeza unapunguza. Tukipunguza unapiga meza. Wewe unataka nini hasa?"

Breki akageukia dirisha. Nje gari la chumvi ya kuyeyusha barafu lilipita likimwaga barabarani.

"Tangu Gwen, mama yake, afariki tuko wawili," akasema. "Jioni nikisikia mlango, najua ni yeye. Mwakani mlango ukilia utakuwa ni upepo." Akasugua mafuta ya mashine kwenye kidole, yale yasiyotoka tena. "Nilisaini kwa sababu niliona kumi na mmoja kwa mia. Nikajiambia, Earl, hapo uko salama. Saini, uonekane baba mzuri, na mtoto atabaki. Halafu mnaanza na basuni zenu."

Takwimu alikikunja kile kitambaa, akakitia mfukoni taratibu, kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

Saa kumi na moja na dakika nane Nadine akaingia. Theluji kichwani, basuni mgongoni kwenye mkoba wake mrefu, simu mkononi. Alituangalia wote, akavuta kiti akakaa karibu na baba yake. Usoni hakukuwa na kilio wala kicheko.

Breki alikuwa amejiandalia nyuso mbili, ya furaha na ya pole. Niliziona zote zikija na kuondoka.

"Vipi, mama?" akamwuliza.

"Wameniahirisha."

"Wamefanya nini?"

"Hawajanikubali na hawajanikataa. Wanasema faili langu limewavutia, ila wangependa kulitazama tena pamoja na ya wengine. Majibu mwisho wa Machi."

"Sasa hiyo," akasema Takwimu polepole, "hata mita ya gesi haifanyi."

Hakimu akamsogezea Nadine sahani ya donati. Nadine akachukua moja, akaing'ata, akasema kwa mdomo uliojaa kwamba bado anawataka, na kwamba wameruhusu mwombaji aandike ukurasa mmoja kueleza hivyo.

Breki alikuwa ameshasimama. Alikuwa anatafuta mkono wa koti bila kuuona.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Whitcombe. Ni mwendo wa saa nne na nusu. Nataka mtu aniangalie usoni aniambie watalitazama tena kwa nini, mara ya kwanza walilitazama wakiwa wamelala?"

"Barabara zina barafu. Na ofisi wamefunga."

"Basi nitasubiri wafungue."

Nadine akamshika kishikizo cha koti, akamvuta akakaa.

"Baba, wewe ulikuwa hutaki nipate. Najua. Siku ya kusaini ulisema kalamu haina wino mara tatu. Ulijaribu kalamu tatu, baba."

Sisi watatu tukajishughulisha na vikombe vitupu. Breki alipojibu alikuwa anamtazama binti yake, siyo sisi.

"Sikutaka, ni kweli. Lakini kukukatalia ni kazi yangu mimi niliyekulea. Wao ni nani?"

Nadine akacheka mpaka sukari ikamwagika kwenye koti, na Breki akaanza kuipangusa kwa mkono huku akimwuliza huo ukurasa mmoja unatakiwa uanze na maneno gani.

Sisi tukavaa kofia, mmoja mmoja. Mlangoni Hakimu akamnyooshea Takwimu mkono, kiganja wazi. "Hesabu na barua, basi," akasema, na Takwimu, bila ubishi, akampa kalamu.