Omagor na Mrija wa Ajono

Jongeeni, enyi madereva mliokwama Malaba, nanyi wabadilisha fedha, zimeni redio zenu! Nasimulia vita vya Omagor, bawabu wa yadi ya malori, simba wa dawati la nyuma, aliyekabiliana na maneno mawili ya Kiingereza mchana kweupe: give up.

Maana yake ni kuacha kabisa jambo ulilolizoea, ndivyo alivyotangaza Mwalimu Velma, malkia wa chaki katika darasa la watu wazima. Sheria yake ilikuwa kali: kila mmoja atunge sentensi yenye maneno hayo, iwe ya kweli, tena ishuhudiwe na mwanadarasa, kwani muhula uliopita kila mtu alikuwa amenunua ndege kwa Kiingereza. Ambaye angeshindwa angerudishwa kwa wale wa a, e, i, o, u. Akiteng, mke wa Omagor, alikuwa ameshavuka kwa kuacha sukari.

Shujaa akainuka, akanguruma, "I have given up cigarettes!"

"Mwongo huyo, mwalimu," akasema Akiteng. "Sigara ziko kwa soksi."

Omagor akarusha mkuki wa pili. "I have given up quarrelling!"

"Wewe?" akafoka Okwara, jirani yake. "Na jana si ulinitusi juu ya kuku?"

"Mzee, umebakisha nafasi moja tu," akaonya mwalimu.

Hapo Omagor akaogopa, nasema wazi, akaogopa kuachwa nyuma na mkewe mwenyewe. Macho yake yakaangukia mrija wake mrefu wa kunywea pombe ulioegemea ukuta, mrija wa marehemu babake, ambao kila siku baada ya masomo ulimpeleka moja kwa moja kwenye chungu cha ajono, pombe ya wimbi, nyumbani kwa Odeke. Akaunyakua, akauinua juu ya vichwa vya watu.

"Teacher! I have given up ajono!" Akamkabidhi Akiteng mrija. "Na shahidi ni huyu."

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Mwalimu Velma akatia alama ya vema, nyekundu, kubwa kama kwato.

Basi iandikwe katika tarikhi ya mpaka huu kwamba alasiri ile ile, kwa Odeke, wazee walikizunguka chungu kilichotoka tu kuongezwa maji moto, kama ajono inavyotaka, na juu ya kigoda cha Omagor aliketi Akiteng, akivuta mrija taratibu. Mshindi alisimama nyuma yake, daftari kifuani.

"Baba Mercyline," Akiteng akamwambia mumewe, akipangusa midomo, "hebu wasomee hiyo sentensi tena."

Naye akaisoma, bila kosa hata moja.